UZI: Kuchangisha pesa za klipu ya msanii asiye na produsa, tulivyofanya hapa Lubumbashi

Mhazini_Katuba

Yambo yenu bandugu. Siku hizi vijana wengi wanaopiga gita na kuandika nyimbo zao wenyewe wananiuliza: klipu ya dada yetu mwimbaji, yaani video ya wimbo wake, ilipatikana vipi, wakati hana produsa, hana mdhamini, wala hana mjomba tajiri? Ilipatikana kwa michango ya watu. Mimi nilikuwa mhazini wa michango hiyo, kwa hiyo naandika kama mtu wa daftari. Uzi utakuwa mrefu. Mwenye haraka asome sehemu ya bajeti na ya mhazini, mengine atayarudia akipata nafasi.

Nianze na ninaloliamini kabisa: watu wa hapa hawakatai kuchanga. Msiba ukitokea mtaani, jioni hiyohiyo daftari limejaa majina. Harusi ina kamati yake, na kamati ina mweka hazina, na mweka hazina anajua nani ametoa na nani ameahidi. Tunachanga maisha yetu yote. Wanachokataa ni kuchangia kitu wasichokiona. Ukiandika kwenye status "nisaidieni kukuza kipaji changu", mtu anasoma, anakutakia baraka, anapita. Hajui pesa itafanya nini, hajui kazi itaisha lini, hajui amuulize nani ikipotea. Lakini ukimwambia "dola 15 ni mafuta ya jenereta ya siku nzima ya kupiga picha, Jumamosi ijayo, uani kwa mama fulani", anaingiza mkono mfukoni. Au anakupa jibu zuri zaidi: "Jenereta ninayo, njooni mchukue."

Sasa bajeti. Kabla ya kumwomba mtu yeyote hata falanga mia, tulikaa na mpiga kamera tukaandika kila kitu kwenye karatasi moja. Yeye na kamera yake kwa siku 1, dola 150. Montaji, yaani kukata na kuunganisha picha, pamoja na rangi, 80. Spika ya kupigia wimbo pamoja na mafuta ya jenereta, 35. Usafiri wa watu na vyombo, 40. Chakula cha watu 14, dola 50. Nguo na kusuka, 30. Mahali pa kupigia picha, 45. Kadi na diski ya kuhifadhia, 20. Akiba ya dharura, 30. Jumla dola 480. Kuna klipu hapa mjini zinazokula mara kumi ya hizo, na kuna vijana wanaopiga kwa simu bila kutoa chochote. Sisi tulitaka inayoweza kupelekwa televisheni bila aibu, basi.

Jambo lililotuokoa kuliko yote ni kwamba tuliomba vitu kabla ya kuomba pesa. Mama mmoja jirani ana ua mkubwa wenye mwembe na ukuta wa matofali mekundu ambao haujawahi kupakwa chokaa. Kwa kamera ukuta ule ni mali. Akautoa bure kwa sharti kwamba tukimaliza tufagie. Kwaya ikatuazima spika. Shangazi zake msanii wakasema chakula kiko juu yao, wakapika bukari, lengalenga na samaki, na watu walikula wakashiba kuliko kwenye klipu za matajiri. Msusi alisuka bila kudai kitu ila jina lake lionekane mwishoni, na nguo zikatoka kwa fundi cherehani wa mtaa wetu kwa makubaliano hayohayo. Hesabu ikashuka mpaka dola 335, na hizo 335 ndizo tulizozitangaza.

Ona kilichotokea hapo. Tulipokuja kuomba pesa, tayari kulikuwa na watu kumi na kitu waliokwisha kutoa kitu chao. Kila mmoja ana familia, ana kanisa, ana kikundi cha WhatsApp. Walizungumza kuhusu klipu hiyo kama ya kwao, kwa sababu ilikuwa ya kwao kweli.

Pesa yenyewe ilipitia simu. M-Pesa iko kwetu tangu 2012, Airtel Money na Orange Money zipo, na mama muuza mboga anajua kutuma kama anavyojua mwanafunzi wa chuo. Fungueni laini mpya kwa kazi hiyo tu, isiwe laini ya mtu anayolipia chakula cha nyumbani. Tumieni pochi zote mbili, ya dola na ya falanga, kwa sababu anayetaka kutoa falanga 5,000 asijisikie mdogo mbele ya anayetoa dola 20.

Wanaoleta pesa mkononi wapokeeni, lakini zikagueni palepale. Mnajua hapa kwetu noti ya dola yenye mchaniko mdogo pembeni hakuna anayeipokea. Mzee mmoja alituletea noti ya 20 aliyoitunza ndani ya Biblia, na kwenye ukingo wake kulikuwa na mkato ambao yeye hakuuona kwa sababu ya macho. Nilimwonyesha kwa heshima, pembeni, bila watu, akaenda kuibadilisha kwa hasara kidogo kwa wabadilisha pesa. Ningenyamaza, ile 20 ingeandikwa daftarini na isingemlipa mtu yeyote.

Mwisho, mhazini. Hili nalisema kwa nguvu: mwenye kushika pesa asiwe msanii, asiwe mpenzi wa msanii, asiwe mpiga kamera. Msanii akishika pesa, siku mtoto wake akiugua atazitumia, na mimi nisingemlaumu. Ndiyo maana asizishike. Sisi tulikuwa wawili: mimi naandika, mama mmoja wa kwaya anashika simu, na namba ya siri anaijua yeye peke yake. Kila Jumapili jioni tulitoa hesabu kwenye kikundi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Hatukutaja nani ametoa ngapi, kwa sababu kuna wanaoona haya na kuna wanaotafutwa na wanaowadai. Tulitaja jumla na tukabandika picha ya risiti.

Ulizeni, nitajibu.

Kijana_Ruashi

Aksanti sana yaya, mkubwa wangu. Mimi naandika nyimbo, nina nne tayari studio, klipu hata moja. Swali langu: kwa nini msipitie majukwaa ya wazungu ya kuchangisha kwa intaneti kama Kickstarter? Nina mjomba Ubelgiji, angeweza kufungua kwa jina lake. Huko watu wanachanga mamilioni.

Mhazini_Katuba

Mdogo wangu, tuliliangalia hilo kwa makini. Kickstarter ilianza 2009, na ina orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kuanzisha mradi kutoka humo. Kwenye orodha hiyo Kongo haipo, wala nchi nyingine yoyote ya Afrika. Kwa hiyo kweli ungehitaji mjomba: kitambulisho chake, benki yake, anwani yake. Mbele ya jukwaa mradi utakuwa wa mjomba. Wewe utakuwa mtu anayetumiwa pesa na mjomba, na akikosana na watu wa kodi huko, anayeulizwa ni yeye.

Halafu kuna sharti lao la yote au hakuna: ukitangaza dola 1,000 zikafika 900, hupati kitu, wachangiaji hawakatwi. Ukifika, wanachukua asilimia 5 na juu yake gharama za malipo ya kadi. Ulule ya Ufaransa nayo inafuata utaratibu wa kufika lengo au kukosa. Sisemi sharti hilo ni baya. Linamlinda mchangiaji. Lakini limetengenezwa kwa ajili ya watu wenye kadi ya benki, na shangazi yako wa Ruashi hana kadi.

Na ukubwa wa jukwaa si dhamana. Kulikuwa na PledgeMusic, ya wanamuziki watupu, iliyoanza 2009. Mwaka 2019 ikaanguka, na wasanii waliokuwa wamechangiwa na mashabiki wao wakabaki wanadai. Mashabiki walilipa, msanii hakupata, na hasira zote zikamrudia msanii kwa sababu jina lililokuwa juu ni lake.

Linganisha na bendi ya Marillion ya Uingereza. Mwaka 1997 hapakuwa na jukwaa lolote la namna hiyo. Bendi ilisema haina pesa za kwenda kupiga Marekani, mashabiki wakaanza kuchangishana wenyewe kwa intaneti, wakafikisha kama dola 60,000, na pesa walizisimamia mashabiki, bendi haikuzigusa. Utaratibu huo ndio wa kamati zetu za harusi. Hatuna haja ya kuruhusiwa na mtu kuufuata.

Mjomba mtumie kwa kazi nyingine: awe mkusanyaji wa walioko huko. Akusanye kwa wenzake, atume mara moja, ili ada ya kutuma ilipwe mara moja.

Mama_Antwerpen

Mimi ni mmoja wa hao walioko huko. Ruhusuni niseme upande wa mtoaji.

Kila wiki napata maombi. Ada za shule, hospitali, msiba, mashine ya kusaga, na sasa klipu. Siwezi kuyajibu yote na moyo unauma. Klipu ya huyu binti niliichangia kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza, nilitumiwa wimbo kwanza. Si dakika moja yenye maneno "shiriki mbarikiwe", ni wimbo mzima, gita na sauti yake, nikausikiliza jikoni nikiwa napika na nikasimama. Anaimba Kiswahili chetu, kile cha nyumbani, na kuna ubeti anaotaja baridi ya asubuhi ya Juni, ile ambayo watu wa nje hawaamini kwamba Lubumbashi ipo. La pili, niliambiwa kinachobaki ni nini. Ilikuwa imebaki dola 80 za montaji. Tukagawana watu wanne wa hapa, ishirini ishirini. Nilijua pesa yangu imefanya nini.

Ningewaomba vijana jambo moja: msituandikie saa mliyokwama. Tuandikieni mapema, na mkishamaliza turudishieni habari hata kama hamtaki kitu. Wengi tunaowachangia tunasikia sauti zao tena siku wanapotaka kingine.

Mzee_Kampemba

Nimesoma yote na nina neno, mniwie radhi. Sisi tulikua tukiona mwanamuziki anatafuta pesa kwa kazi. Anapiga kwenye baa, anapiga kwenye harusi, anaweka akiba, anaingia studio. Leo kila kijana anapitisha kofia. Na kama ni lazima kupata pesa za watu, Kongo ina njia yake tangu zamani: mabanga. Mtaje mfanyabiashara ndani ya wimbo, alipe, umalize. Angalau hapo kuna kupeana. Hii michango yenu mimi naiona ni kuomba kwa jina la kisasa.

Mhazini_Katuba

Mzee wangu, shikamoo. Asante kwa kulisema wazi, kwa sababu wako wengi wanaolifikiria bila kulisema.

Kuhusu kazi, tuko pamoja. Dada yetu anapiga. Anapiga Ijumaa kwenye mkahawa mmoja wa mjini na anapiga kwenye harusi, na studio alijilipia mwenyewe kwa pesa hizo. Hatukuchangia wimbo. Wimbo ulikuwa tayari, umemalizwa, unasikika. Nami namshauri kila kijana asichangishe kwa wimbo ambao haujaisha, maana mtu atasikia kitu gani?

Kuhusu mabanga, hapo ruhusa nikupinge. Ninajua ndivyo muziki wetu mkubwa ulivyolipiwa kwa miaka mingi, na siwadharau waliofanya hivyo, walikuwa na orkesta nzima ya kulisha. Lakini angalia kinachobaki kwenye wimbo. Mtu anaimba kuhusu mama yake aliyekufa, katikati unasikia jina la mkurugenzi, jina la mbunge, jina la mwenye duka la simu. Miaka kumi baadaye mkurugenzi amefukuzwa, mbunge ameshindwa, duka limefungwa, na majina bado yamekaa katikati ya kilio cha mtoto. Anayeandika nyimbo zake peke yake na gita ana kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni kwamba kila neno ni lake. Ukiweka bei kwenye mstari wa tatu, umeuza kitu hicho.

Na kuna hesabu. Anayelipa libanga ni mtu 1 mwenye pesa nyingi, na huyo ana neno juu ya wimbo: nitaje mapema zaidi, nitaje pamoja na mke wangu, mpinzani wangu usimtaje. Tulipata mtu wa namna hiyo, alitaka kulipa klipu yote kama jina lake na la kampuni yake yangeingia kwenye kiitikio. Msanii alikataa mwenyewe, nami nilifurahi. Waliochanga dola mbili mbili hawakuomba kubadilisha hata neno moja.

Lakini kupeana kuwepo, hapo umesema kweli, mzee. Majina ya wote waliokubali yanapita mwisho wa klipu, polepole, yanasomeka. Hatukuyaandika kwa herufi za mchwa. Kila aliyetoa, hata falanga 1,000, alipata ujumbe wa sauti: msanii anapiga gita sekunde chache na anamwita kwa jina lake na kumshukuru. Kazi hiyo ilimchukua jioni nyingi. Kuna mama aliyeuhifadhi ujumbe huo akawasikilizisha wateja wake sokoni, na wateja nao wakachanga. Na baada ya klipu kutoka, tulikaa uleule uani, akaimba nyimbo zake zote, aliyechanga anaingia na watu wa nyumbani kwake.

Mzee_Kampemba

Nimeelewa kuhusu wimbo kwamba ulikuwa umekwisha kulipwa. Hilo hukuliandika juu. Basi siku nyingine niiteni kwenye huo uani.

Kamera_Kamalondo

Mimi ndiye niliyepiga ile klipu, kwa hiyo niongeze upande wa kamera, maana pesa nyingi zinapotea hapo.

Kwanza, wazo moja na mahali pamoja. Vijana wanakuja na script yenye gari, hoteli, ndege, mvua na mapigano. Kwa dola 335? Kila ukihama mahali unapoteza saa mbili: kupakia, kusafiri, kupakua, kutafuta umeme. Sisi tulikaa uani siku nzima, na jioni tukatoka nje ya mji kidogo kwenye vichuguu. Mnavijua vichuguu vya Katanga, virefu kuliko mtu, vyekundu. Msanii amesimama kando ya kimoja na gita lake, picha hiyo huwezi kuipata Kinshasa wala Paris, na haitozwi ada. Uliza mwenye shamba tu.

Msiende kwenye mlima wa mabaki ya shaba na bomba lake la moshi bila ruhusa ya maandishi. Najua kila mtu anautaka kwa sababu ndio sura ya mji. Ukikamatwa na kamera pale, siku imekwisha na akiba yote imekwisha. Hata barabarani mjini, beba karatasi ya ruhusa ya komini (manispaa) yenye tarehe na majina, na mtu mzima mmoja anayejua kuongea awe tayari kuzungumza na polisi, wewe endelea kupiga.

Pili, msimu. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna mvua, mbingu ni safi, hesabu yako haiharibiki. Mvua zikianza karibu na Novemba, tarehe zako zote ni bahati nasibu, na kila siku iliyoahirishwa ni usafiri na chakula vinalipwa mara mbili. Juni na Julai jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni. Ile saa ya mwisho mwanga unakuwa wa dhahabu, na vumbi letu jekundu linaonekana kama kitu kilichopangwa. Mchana wa saa sita achaneni nao, kuleni. Jua liko utosini na macho ya mwimbaji yanakuwa mashimo.

Taa hatukukodi. Tulitumia shuka jeupe na karatasi ya styrofoam iliyofungiwa friji mpya ya mtu. Unairudishia mwanga usoni kutoka chini kidogo, inatosha.

Kijana_Ruashi

Yaya Kamera, kwenye klipu kuna mahali anatembea taratibu kabisa kama yuko majini lakini midomo inafuata wimbo vizuri. Hiyo ni programu gani?

Kamera_Kamalondo

Si programu, mdogo wangu. Unaomba studio ikupe wimbo uleule uliopandishwa kasi mara mbili. Kamera unaiweka ipige picha 50 kwa sekunde badala ya 25. Siku ya kupiga, spika inacheza wimbo wa kasi na msanii anaimba nao kwa kasi hiyo. Baadaye kwenye montaji unaipunguza mpaka 25, mwendo wote unakuwa nusu, midomo inarudi sawasawa na wimbo wa kawaida, na nguo, nywele, vumbi, vyote vinaelea. Kamera nyingi za bei ndogo na simu nyingi za sasa zinaweza.

Ugumu uko kwa mwimbaji. Lazima ajifunze kuimba kwa kasi mara mbili bila uso kukunjamana. Dada yetu alifanya mazoezi nyumbani wiki nzima. Siku yenyewe watoto wa mtaa walikuwa wamepanda ukutani, na spika ilipoanza ile sauti nyembamba ya haraka wakaanguka kwa kicheko, naye anatakiwa kuonyesha huzuni ya ubeti wa pili. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka, wakanyamaza, ndipo tukapiga. Mara ya tatu ndiyo iliyo kwenye klipu. Mkono wa gita hapo tuliuficha, kwa sababu vidole kwa kasi hiyo haviwezi kudanganya. Ndiyo maana unaona uso na mabega.

Jambo la mwisho: nakala mbili za picha kabla hamjaondoka mahali. Moja kwenye diski, nyingine kwenye kompyuta ya mtu mwingine anayelala nyumba nyingine. Umeme wetu ukikatika na kurudi kwa nguvu, diski inakufa, na huwezi kurudi kwa wachangiaji kuomba tena.

Bin_Likasi

Naongeza tu kwa wanaodhani gita na mtu mmoja ni kitu kidogo cha kuonyesha. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alipita hapa Likasi, wakati huo Jadotville, akamkuta Jean Bosco Mwenda akipiga gita barabarani, akamrekodi. Sauti moja, gita moja, na vidole. Muziki ule ulitembea dunia nzima, na mpaka leo kuna wazungu wanaojifunza vidole vya Mwenda kama somo. Edouard Masengo naye alitoka katika mkondo huohuo. Wachezaji ishirini hawakuhitajika. Napenda kwamba klipu ya huyu binti imekaa karibu na vidole vyake katika sehemu ya pili. Laiti Mwenda angekuwa na kamera moja ya karibu kila mwaka mpaka alipofariki 1990, tungekuwa na shule nzima.

Mhazini_Katuba

Aksanti Bin Likasi. Hiyo sehemu ya vidole ilitokana na wewe kusema hivyohivyo kwenye kikundi, sijui kama unakumbuka.

Wengi wameniuliza kwa ujumbe kuhusu karatasi. Kwa ufupi. Aliyetengeneza muziki studio asaini kwamba wimbo unaweza kutumika kwenye klipu, na makubaliano ya mgawo yaandikwe kabla, maana mkigombana klipu ikiwa imetoka, anayeumia ni mchangiaji. Anayeonekana usoni akubali, na mtoto akubaliwe na mzazi. Mtunzi ajiandikishe SOCODA, ndiyo inayosimamia haki za watunzi nchini tangu 2011. Na klipu ya kurushwa televisheni inatakiwa ipite kwenye Tume ya Taifa ya Udhibiti wa Nyimbo na Maonyesho. Msichukulie mchezo, Novemba 2021 kuna nyimbo zilizokuwa zimetoka zikasimamishwa. Ulizeni ada na muda mapema na viingie kwenye bajeti.

Kijana_Ruashi

Swali la mwisho yaya, halafu naacha. Kama pesa hazifiki? Mnarudisha?

Mhazini_Katuba

Hilo liandikeni kwenye tangazo la kwanza kabisa, kabla hata falanga moja haijaingia. Sisi tuliandika hivi: ikifika tarehe fulani tuko chini ya dola 200, tunarudisha zote, na ada ya kurudisha tunalipa sisi wa kamati. Tukiwa kati ya 200 na 335, tunapiga klipu ndogo zaidi, bila safari ya vichuguu, na tunaeleza ni kipi kimeondolewa. Zikizidi, ziada inaenda kulipia tume na kupeleka klipu kwenye vituo, haiendi kwa mtu. Sentensi tatu tu. Watu watatu walinipigia simu baada ya kuzisoma wakasema hawajawahi kuona mchango unaoeleza habari ya kurudisha, na wote watatu walituma jioni hiyo.

Tarehe ya mwisho isizidi mwezi mmoja na nusu. Baada ya hapo watu wamesahau na wewe umechoka kukumbusha. Kumbusheni kwa habari: leo tumepata spika, leo msusi amekubali, imebaki dola 60. Ujumbe wa "jamani changeni" unafanya watu watoke kwenye kikundi.

Na klipu ikitoka, kabla ya YouTube, watumieni wachangiaji toleo dogo la kutazamika kwa simu bila kula megabaiti zote za siku. Sisi tulilibana mpaka likapita WhatsApp kirahisi. Mama wa mboga aliyetoa falanga 1,000 aione kabla ya mtu wa Paris.

Kijana wa Ruashi, wewe una nyimbo nne. Chagua moja, ile ambayo watu wanakuomba uirudie, usichague unayoipenda wewe. Tengeneza karatasi yako ya bajeti uiweke hapa, Kamera na mimi tutaipitia mstari kwa mstari. Ua wa mama yule nimeshamuuliza, anasema kwa sharti lilelile.

Kijana_Ruashi

Naileta kesho jioni, umeme ukirudi. Ufagio ninao.